Lenzi Lisilofika Ng'ambo

Mwongo mimi namjua kabla hajafungua mdomo. Kuanzia Kamembe mpaka kule milimani Butare hakuna wa kunidanganya, ulizeni. Isipokuwa marehemu mume wangu, aliyenidanganya ndoa nzima na bado nikamlilia vizuri, na yule mama wa sokoni aliyeniuzia jana sambaza za juzi, hizi dagaa za Ziwa Kivu, akiapa kwamba bado zinaruka. Basi tuyaache hayo, maana hadithi hii si yangu.

Ni ya mpelelezi Mukamazimpaka, naye hakuwa na majivuno. Alikuwa na hasira, na asubuhi ile alikuwa nayo ya kutosha kugawia kituo kizima na kubakiza ya kurudi nayo nyumbani.

Hasira yenyewe ilikuwa mezani mbele yake: picha moja, iliyoletwa na mpiga picha wa mjini. Mwanamke anatoka kwenye mlango wa depo ya nyavu, jerikani ya njano mkononi, anacheka. Uso safi, hata ufa wa kwenye mfuniko wa jerikani unaonekana. Depo hiyo ilikuwa imeungua Jumanne. Nyavu za wavuvi wa kisiwa cha Nkombo zilikuwa majivu, na mlinzi wao, Mzee Hategekimana, alitolewa ndani akiwa kama kaa la moto. Sasa alikuwa amelala hospitali ya Mibirizi, kafungwa bandeji mpaka midomo, hasemi. Picha ndiyo iliyokuwa inasema badala yake, na watu wote walikuwa wameisikiliza.

Mwanamke wa kwenye picha anaitwa Charlotte. Ni mtu wa Bukavu, upande wa Kongo. Kila asubuhi huvuka mpaka, hununua sambaza Kamembe, hurudi kuuza kwao. Wiki moja kabla ya moto aligombana na wavuvi mbele ya soko zima, akawaambia atawachoma. Sasa, kufikia jioni, faili lake lilikuwa liende kwa mwendesha mashtaka, na yeye mwenyewe apelekwe gerezani. Mtoto wake, ambaye hajaota hata jino, alikuwa ng'ambo ya mpaka kwa bibi yake, anakataa uji.

Mukamazimpaka alimtoa chumba cha mahabusu akamketisha. Blauzi ya Charlotte ilikuwa imelowa kifuani kwa maziwa, na hakujisumbua kuificha.

"Nilisema nitabachoma, njo," Charlotte alianza kabla ya kuulizwa, kwa Kiswahili cha kwao ambacho ndiyo yake ni njo. "Miye na mama yangu tunaambianaka vile kila siku, na hakuna mwenye aliungua."

"Picha inaonyesha ulikuwa pale siku ya moto."

"Ile picha ni ya siku ya mbele ya moto, haiko ya Jumanne! Nilimuletea Mzee Hategekimana maji ya kunywa mu jerikani. Ule Fabien wa studio alikuwa pale pale, karibu, angetema mate yangenipata. Akaniambia, Maman, inua kidevu kidogo. Nikainua. Bujinga yangu njo ile tu."

"Fabien anasema hakukanyaga upande ule. Anasema alikuwa ng'ambo ya maji, kwenye gati, na maharusi, akakuona kwa mbali dakika chache kabla ya moshi."

"Basi mumoja wetu ni mubeshi, anadanganya." Charlotte alipiga meza kwa kiganja. "Na kazi yako ni kujua nani. Mutoto wangu iko nalia, weye uko naangalia picha!"

Mukamazimpaka alinyanyuka akatoka. Hakukasirishwa na tusi. Alikasirishwa na kwamba lilikuwa kweli.

Nje alimkuta askari Muhire, dereva wake, anafuta kioo cha gari.

"Tarehe ya ile picha ni Jumanne, chef," Muhire alisema. "Niliiona ndani ya kompyuta."

"Saa ya kamera unaisogezaje?"

Muhire alifikiri kidogo. "Kwa kidole gumba."

"Basi tarehe ile ni neno la Fabien tu, limevaa suti. Washa gari."

Kazi ilikuwa imebaki swali moja, na hata mimi mwenye darasa la sita naliona: yule mpiga picha alisimama karibu, au alisimama mbali? Kama alikuwa mbali, ng'ambo, Charlotte ni mchomaji. Kama alikuwa karibu, Charlotte alileta maji, na Fabien ndiye ana la kueleza.

*

Studio ya Fabien iko juu kidogo ya barabara, na kutani kumejaa picha za maharusi. Fabien mwenyewe ni kijana mrefu, shati limepigwa pasi, marashi yanakupokea kabla yake. Alimkaribisha mpelelezi kama mteja.

"Maman Inspecteur! Umekuja nikupige? Uso kama huu hautakiwe kupotea hivi hivi."

"Kamera ni hii?"

"Njo hii." Aliishika kwa mikono miwili. Mwili wa kamera ulikuwa mpya, mweusi, wa kisasa. Lakini mbele yake lilichomoza lenzi refu la chuma, la zamani, rangi imekwanguka, namba zake zimeandikwa kwa kuchongwa. Ungedhani mtu amemvalisha kijana kofia ya babu yake. Na kumbe ndivyo. "Ni ya babu yangu. Alikuwaka na studio wakati wa filamu. Hakuna umeme ndani, ni kioo na chuma. Hizi za sasa zinajitafutia zenyewe, zinapiga kelele *ziii, ziii*, kama mbu. Hii unazungusha mwenyewe kwa mukono mpaka sura inakuwa safi. Angalia kazi yake!"

Mukamazimpaka aliangalia. Bibi harusi, uso kama umechongwa jana. Nyuma yake rangi tupu, zimeyeyuka kama siagi kwenye sufuria ya moto. Bibi harusi mwingine, nyuma siagi. Familia nzima imesimama bustanini. Watu safi, bustani siagi.

"Hii siagi ya nyuma ni kusudi?"

"Hii? Batu banakuja kutoka mpaka Bukavu juu ya hii! Byiringiro, ule wa studio ingine, na lenzi yake mupya anajaribu, haiweze."

"Na Jumanne ulitumia hii?"

"Hii tu. Sina ingine. Hii njo mke wangu."

"Ile picha ya Charlotte imekatwa pembeni. Iko wapi nzima?"

"Nilifuta, Maman. Carte ya kamera ilijaa. Nilikata pale penye kulikuwa kitu cha maana, ingine nikafuta."

"Ushahidi wa mtu kuungua, ukaufuta."

"Sikujua itakuwa ushahidi!" Alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

Mukamazimpaka alizunguka chumba mara nyingine. Alifika kwenye picha ya mwisho akarudi kwenye ya kwanza, na safari hii hakuwaangalia maharusi. Mtu huyu anaishi juu ya Ziwa Kivu. Akifungua dirisha, ziwa linaingia ndani pamoja na visiwa na milima ya Kongo. Wapiga picha wengine hapa Kamembe wakikosa mteja hupiga ziwa, ni la bure na halifumbi macho. Kuta nzima za Fabien hazikuwa na ziwa hata moja.

Aliichukua kamera bila kuomba, akazungusha lenzi, likatoka. Kati ya lenzi la zamani na mwili mpya kulikuwa na pete ya kuviunganisha, maana mdomo wa hili na shingo ya ule havikuzaliwa pamoja. Pete ilikuwa nzito, ya kijivu, nene kama mfuniko wa sufuria.

"Nani alikutengenezea hii?"

"Mzee Rajabu, ule wa sufuria. Ya kununua ilivunjika mwaka jana." Fabien alinyoosha mkono. "Polepole, Maman, tafadhali."

Alimrudishia. Polepole alikuwa ameiacha mezani pale kituoni.

*

Kabla ya kwenda kwa Mzee Rajabu alipita kwa Byiringiro, mshindani wa Fabien, na hapo ndipo alipopotezewa muda. Byiringiro alitazama picha mara moja akaruka.

"Ameichora! Na kompyuta! Amechukua uso huku, mlango huku, akabandika. Ule ni mwizi, miye nilisema tangu zamani, aliniibia harusi ya..."

"Nionyeshe palipobandikwa."

Byiringiro aliivuta kwenye kioo cha kompyuta, akakuza, akakuza tena, akanusa pembe zote. Jasho lilimtoka. Angetoa hata mbuzi kupata mahali pa kubandika.

"Haiko," alisema mwisho, kwa uchungu wa mtu aliyefiwa. "Ni picha ya kweli. Hata hii angalia." Alifungua sehemu ambapo kamera huandika habari za kila picha. "Lenzi yangu ya kisasa inajitambulisha kama mugeni mwenye adabu. Jina lake, urefu wake, tundu lilifunguka kiasi gani. Kamera inaandika yote, utake usitake. Ya Fabien ni bubu, haina umeme. Kamera inauliza, haijibiwi, inaandika sifuri. Unaona? Jina, hakuna. Urefu, sifuri. Alitumia ile ya babu yake, hakudanganya."

"Umewahi kumwazima yako?"

"Miye? Nimwazime Fabien? Ningemwazima mswaki wangu kwanza!"

Mukamazimpaka alitoka amekunja uso zaidi. Alikuwa amekwenda kutafuta ufa kwenye maneno ya Fabien, na adui yake mwenyewe akauziba. Ndani ya gari Muhire alijaribu kusema kitu kuhusu chakula cha mchana. Alitazamwa mara moja tu, na njaa ikamwisha.

*

Karakana ya Mzee Rajabu inasikika kabla ya kuonekana. Anayeyusha vyuma vyepesi, bati za injini na sufuria zilizotoboka, anamimina kwenye udongo, anatoa sufuria mpya. Alikuwa amevaa kofia yake nyeupe, ya Ijumaa hata kama si Ijumaa, na miwani imeshuka puani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unataka ya kilo ngapi?"

"Nataka habari ya pete ya Fabien."

Mzee alitupa nyundo chini. "Ule mutoto asiyejua asante! Alileta kapete kake ka kununua, kamevunjika. Kembamba! Kama chapati ya muntu bahili. Nikamwambia, mwanangu, hii ni takataka, nitakutengenezea pete ya kiume. Nikamuongezea unene, bure, bila kumuuliza hata kidogo, ili hata bajukuu bake bairithi. Ukiigonga na nyundo inalia kama kengele. Njo kazi yangu. Miye sitengenezake kitu chembamba!"

"Akakasirika?"

"Alirudi hapa amevimba kama chura. Ati, Mzee, tangu pete yako lenzi haionake mbali tena, mlima wote ukungu, ziwa ukungu. Nikamwambia, lenzi ni ya babu yako, imezeeka, hata miye sionake mbali! Na nani aliniwekea pete?" Alikohoa kwa hasira. "Kisha nasikia harusi nzima Kamembe banamusifu, ati Fabien anajua kuyeyusha nyuma. Ni nani aliyeyusha? Siye miye?"

Mukamazimpaka alinyoosha mkono. "Mzee, niazime miwani yako."

Aliishika miwani juu ya kipande cha gazeti. Herufi zikakaa vizuri. Akaitazama barabara kupitia miwani hiyo, akaona ukungu. Akaisogeza mbele kidogo tu, unene wa ukucha, na ukungu ukazidi kunona. Kioo kikisukumwa mbele, kinaona karibu na kupoteza mbali. Pete nene imelisukuma lenzi la babu mbele, kwa ukarimu wa Mzee Rajabu, na Fabien azungushe mpaka mkono umchoke, halitafika mbali tena. Hakuwa na ziwa ukutani kwa sababu hawezi kulipiga. Siagi haikuwa ufundi, ilikuwa upofu.

"Nirudishie macho yangu," Mzee alisema. "Umepata ulichotaka?"

"Nimepata. Na pete yako ni nzuri, Mzee."

"Najua ni nzuri!"

*

Fabien aliitwa aje gatini na kamera yake, na akaja, marashi mapya. Pale ziwa huingia kidogo kwenye nchi kavu kama ulimi. Upande huu gati wanapopigwa maharusi, upande wa pili depo iliyoungua, mlango wake mweusi umebaki umesimama peke yake. Sauti haivuki pale, upepo unaila katikati. Muhire alikuwa ameshatumwa ng'ambo, amesimama mlangoni, jerikani ya njano mkononi, uso wa mtu ambaye hajala.

"Hapa ndipo uliposimama?"

"Hapa hapa, Maman. Bibi harusi alikuwa anarekebisha viatu. Nikageuka, nikamuona ule mwanamke."

"Mpige Muhire."

"Sasa?"

"Unataka nimpambe kwanza?"

Fabien aliinua kamera. Alizungusha lenzi taratibu, halafu haraka, halafu likagota. Alirudisha nyuma, akazungusha tena, likagota palepale. Alipiga. Mukamazimpaka alimsogelea akatazama kioo cha nyuma. Mlango ulikuwa kivuli. Muhire alikuwa doa lenye miguu. Jerikani ilikuwa tone la njano, kama mtu amedondosha haradali.

"Huyu ni nani?"

"Ni ukungu wa ziwa, Maman. Leo kuna ukungu."

"Mimi namwona Muhire anavyokunja mdomo. Piga tena."

Alipiga tena. Doa.

"Mikono inatetemeka. Unanitisha."

Mukamazimpaka aliichukua kamera akaiweka juu ya ukuta wa gati. "Ukuta hautetemeki. Piga."

Doa, limetulia vizuri zaidi.

"Njaa," Fabien alisema. "Macho yangu leo..."

"Fabien!" Sauti yake ilimfanya mwanamke aliyekuwa anafua karibu aache kufua. "Kuna mama kule ndani, maziwa yanamwagika kwenye nguo, mtoto wake anakufa njaa ng'ambo ya mpaka kwa sababu ya macho yako! Charlotte kwenye picha namhesabia kope. Muhire hapa simwoni hata kichwa. Lenzi hili halivuki haya maji. Halijavuka tangu mwaka jana, na wewe unajua, ulimlilia Mzee Rajabu kwa ajili hiyo hiyo!"

Jasho la Fabien lilianza kushinda marashi.

Hapo Mukamazimpaka alifanya jambo ambalo muda wote nilikuwa namwombea alifanye. Alishusha sauti. Aliweka mkono begani kwa kijana kama shangazi.

"Au labda nimekosea. Labda siku ile hukutumia hili."

Fabien aliishika kamba ile kwa meno na mikono.

"Njo! Njo, Maman, nimekumbuka! Ile siku lenzi ya babu niliiacha nyumbani. Niliazima ya Byiringiro. Ile mupya. Ile inaonaka mpaka Kongo, njo maana picha ni safi! Nilisahau kabisa. Niliona haya kusema, unajua siye na yeye tunagombanaka..."

"Lenzi ya Byiringiro. Ya kisasa."

"Ya kisasa, ndiyo. Naapa."

Mukamazimpaka alitoa simu, akafungua ile picha, akashuka mpaka pale kamera ilipoandika habari zake. Akamwinulia usoni.

"Nisomee."

Fabien alisoma. Midomo ilisogea bila sauti.

"Kwa nguvu."

"Jina la lenzi... hakuna. Urefu, sifuri."

"Lenzi ya Byiringiro hutaja jina lake hata isipoulizwa. Hii imenyamaza. Ni bubu wa babu yako huyu hapa, na bubu huyu haoni ng'ambo. Ulikuwa karibu, Fabien. Ulikuwa upande ule, kabla ya moto, mbele ya ule mlango, ukasogeza tarehe kwa kidole, ukaja kwangu na picha ya mwanamke aliyeleta maji."

"Sikuwa upande ule!"

"Charlotte anasema uliongea naye."

"Anadanganya! Sijawahi kuongea na ule mwanamke!" Sasa alikuwa anapiga kelele, mishipa ya shingo imesimama, na hasira zake zilikuwa zimekimbia mbele zikaacha akili nyuma. "Munamuonea huruma juu ya mutoto! Angalia picha, iko nacheka! Muntu mwema anachekaka vile? Ule mwanamke ni majivuno tupu, anasimama na jerikani yake pale kama yuko mu gazeti, anauliza ati picha itamutoa munene..."

Upepo ulipita juu ya maji. Ng'ambo, Muhire alikuwa anainua jerikani kuuliza kama amemaliza, midomo yake inaenda, na hakuna neno hata moja lililofika gatini.

"Alimuuliza nani, Fabien?" Mukamazimpaka alisema.